Kuku Kumi na Saba wa Mzee Twalib

Mwaka huu nimeshukuru sana. Nimeshukuru kwenye jumuiya, nimeshukuru kigangoni mbele ya watu mia tatu, nimeshukuru kwenye kikundi cha akina mama wafugaji mpaka mwenyekiti akanigusa bega nikae, na wengine wapate nafasi. Chanika nzima inajua jinsi Mungu alivyomponya Albano, mtoto wa marehemu dada yangu, na jinsi alivyonizuia nisiwalishe watu wa harusi kuku wagonjwa. Ushuhuda wangu ni mzuri na nimeuzoea. Najua mahali pa kushusha sauti na mahali ambapo wanawake watapiga vigelegele. Ila kila nilipousimulia niliruka mahali pamoja, na hapa sitaruka.

Mimi ni Eufrazia, Mama Noela kwa mtaa mzima. Kwetu ni Mbinga. Nilifanya kazi miaka ishirini na mbili kwenye kiwanda cha nguo Chang'ombe, na nilipostaafu sikutaka kukaa barazani nikiangalia magari ya wenzangu yakipita. Nikajenga banda la kuku wa nyama huku Chanika. Sisemi kuku hamsini wanaojitafutia uani. Banda la kisasa: mapazia ya turubai pande zote, taa zisizozimwa, vyombo vya maji vinavyoning'inia, kifaranga anaingia leo na baada ya siku thelathini na tano anatoka akiwa nyama. Kiwandani nilijifunza kwamba mashine inayosimama inamla mwenyewe, basi na banda langu halikuruhusiwa kusimama. Kundi likitoka Jumatatu, Ijumaa vifaranga wengine wako ndani.

Fundi aliyenipimia alisema banda lile ni la kuku elfu mbili. Nikaweka elfu tatu na mia tano. Alipokuja kuniona akashika kiuno, akaniuliza kuku watageukia wapi. Nikamwambia kuku hana safari, ageuke aende wapi? Watu walicheka, na mimi nilijiona mjanja. Dawa niliwatilia kwenye maji kila wiki, wagonjwa na wazima. Hata hivyo kila siku walikufa watano, sita. Albano aliwaokota asubuhi kwenye ndoo na kuwarusha ng'ambo ya uzio, kwa nguruwe wa jirani yetu Projestus. Projestus alifurahi, nguruwe walifurahi, na mimi sikuwa na shimo la kuchimba.

Sasa, biashara ya kuku hapa mjini haiendi bila mchinjaji Mwislamu. Hata sisi Wakristo tunalijua hilo tangu utotoni: ukitaka nyama yako iliwe na kila mtu, unamwita anayejua kuchinja. Mchinjaji wangu alikuwa Mzee Twalib, mtu wa Kilwa, mwembamba, ana miaka karibu sabini. Alikuwa anafika saa kumi na mbili asubuhi, anatundika kanzu yake kwenye msumari, anavaa shati lake la kazi, anaelekea kibla. Na alikuwa na kawaida moja iliyonikera miaka minne mizima. Hakupokea kuku aliyening'inizwa miguu. Lazima umuweke kwanza chini, asimame mwenyewe, mzee amtazame, ndipo amchukue.

"Mzee, kwani wanaenda kwenye mashindano ya mbio?" nilikuwa namtania.

"Mama Noela, anayesimama ndiye anayechinjwa," alikuwa anajibu, na kazi ya saa tatu inakwenda saa tano.

Mwishoni mwa Novemba nilipata oda kubwa kutoka kwa Jawad, mwenye duka la kuku na nyama kule Boko. Jawad ni mtu wa ukoo wa Kiarabu, biashara wameirithi kutoka kwa babu yao, na alikuwa mteja wangu mkubwa kuliko wote. Safari hii hakutaka kuku wa duka. Alikuwa anamwoza binti yake, Ahlam, na alitaka kuku mia sita wa walima. Tuchinje Alhamisi, gari lenye barafu lije saa saba mchana, Ijumaa watu wale. "Mradi achinje Mzee Twalib," alisema. "Nikiambiwa ni yeye, silali nikiwaza."

Jumanne ya wiki ile wakafa kuku arobaini. Nikasema ni joto. Jumatano wakafa tisini, vichwa vimevimba, vilemba vyao vimegeuka rangi kuwa kama zambarau. Nikasema kideri kimepenya chanjo. Kideri ndilo jina letu la kila kifo cha kuku. Kila mfugaji wa huku anakijua na ana dawa zake: pilipili kichaa kwenye maji, shubiri, na dawa kubwa kuliko zote, kuwahi. Kuwahi maana yake kuchinja na kuuza kabla hawajaisha. Mama yangu aliwahi, jirani zangu wote waliwahi, na wateja walikula na hakuna aliyerudi kulalamika. Basi na mimi nilijiandaa kuwahi.

Albano alikuwa anakohoa tangu Jumanne hiyo. Ana miaka arobaini na moja, analala kwenye chumba kilichoungana na banda, na kuokota kuku waliokufa ilikuwa kazi yake. Nilimuona amejifunika blanketi anajifukiza nyungu ya mwarobaini, kama tulivyofanya wote wakati wa korona. Nikamwambia akimaliza aje afunge viroba.

Alhamisi asubuhi Mzee Twalib akaja, akatundika kanzu, akanoa visu vyake viwili. Albano akamletea kuku wa kwanza na kumuweka chini. Kuku akakaa. Wa pili akasimama kidogo, kisha kichwa kikashuka mpaka mdomo ukagusa mchanga. Mzee akaomba wa tatu, wa nne, akafika kumi. Aliwashika mmoja mmoja kwa mikono mitupu, akawafunua macho, akawanusa. Katika kumi walisimama wanne. Akachukua maji akaosha kisu ambacho hakikuwa kimekata kitu.

"Mama Noela, mie leo sichinji."

"Mzee Twalib, hicho ni kideri tu. Nyama yake haina shida, watu wanakula miaka yote."

"Kama ni kideri mie sijui, si daktari. Ila hawa wameshakufa, wanachelewa tu kuanguka. Kuchinja kibudu siwezi. Nikitaja jina la Mungu hapa nitakuwa namuongopea Yeye na namuongopea mlaji."

"Basi chagua wanaosimama."

"Wanaosimama leo ndio watakaolala kesho. Wote wanakunywa chombo kimoja."

Nikamwambia maneno mabaya. Nilimwambia nimemlisha miaka minne, na kwamba ucha Mungu wake unaanza pale tumbo linaposhiba. Nilimwambia atoke kwenye banda langu na asirudi. Alivaa kanzu yake juu ya shati, akafunga visu kwenye kitambaa, halafu akanigeukia.

"Naondoka. Ila natoka hapa nakwenda kwa Hamdiya, ofisi ya kata. Nakwambia mwenyewe usije ukasema nimekusengenya."

Hamdiya ni afisa mifugo wetu. Nilijua atachukua muda kumpata, maana asubuhi anakuwa mizungukoni. Nikahesabu kwamba nina saa tatu, pengine nne. Nikapiga simu kwa wachinjaji wengine.

Wa kwanza aliniuliza Mzee Twalib yuko wapi. Nikasema anaumwa. "Masikini, ngoja nimpigie nimjulie hali," akasema, na hakunipigia tena. Wa pili alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani, na akanieleza kwa adabu kwamba ana msiba Mbagala. Wa tatu ndiye aliyekuwa mkweli. "Mama, kama Twalib kaweka kisu chini, mie nani nikiokote?" Siku ile niliwalaani wote watatu. Leo nawaombea kila mmoja kwa jina.

Hapa ndipo mahali ninaporuka kila siku.

Niliingia ndani nikachukua kisu changu cha jikoni. Nimechinja kuku wa Krismasi tangu nina miaka kumi, kazi yenyewe naijua. Niliwaza hivi: Jawad atajuaje? Kuku akishanyonyolewa hasemi nani alimkata. Gari likija nitasema mzee kamaliza mapema kaenda zake. Mia sita wasipotimia nitapeleka mia tatu, nitasema wengine kesho. Nikamwambia Albano aniletee kuku.

"Mama mdogo," akasema taratibu, "hao watu wanaamini ni mzee."

"Shika kuku."

Akashika, maana amezoea kunitii. Nilichinja wa kwanza, nikachinja wa pili. Nilikuwa na hasira na mkono wangu ulikwenda haraka. Nilichinja kumi na saba. Nilipomgeukia apokee wa kumi na saba na anipe wa kumi na nane, Albano alikuwa amemwachia yule kuku na amekaa juu ya kiroba cha chakula. Alisema anasikia baridi. Jua lilikuwa linachoma bati mpaka linalia. Nikamgusa shingo kwa mkono wenye damu, na joto la mwili wake likanitisha nikasahau kuku wote.

Nikiwa nimemshika hivyo, Hamdiya akaingia getini. Alishuka kwenye bodaboda na sanduku lake, amevaa barakoa na glavu mpaka kwenye viwiko, na alisimama mbali. Akamtazama Albano, akalitazama banda, akatazama lile beseni la kuku kumi na saba waliochinjwa.

"Nani kachinja hawa?"

Kisu nilikuwa nimekitia kwenye maji ya kunyonyolea. Mdomo wangu ukajibu kabla sijaufikiria.

"Mzee Twalib. Alishaanza, ndiyo akakataa."

Hamdiya akaandika. Sentensi moja, haikumchukua hata dakika. Albano alisikia, lakini alikuwa amefumba macho.

Baada ya hapo, kwa kweli, sikuongopa tena. Aliponiuliza wamekufa wangapi na tangu lini nilimwambia. Aliponiuliza dawa nilizotia kwenye maji nilimletea na makopo. Akauliza waliokufa tunawatupa wapi.

"Hatuwatupi. Tunampa Projestus hapo nyuma, wanakula nguruwe wake."

Alishusha kalamu. Ni binti mdogo kuliko Noela wangu, na hajawahi kunipandishia sauti hata mara moja, lakini niliona anavyojizuia.

"Mama Noela, naomba unisikilize, halafu twende kazi. Kirusi cha mafua kikimpata kuku mmoja wa uani, kinamuua na mara nyingi kinakwama hapo hapo. Humu umekipa kuku elfu tatu na mia tano, wamebanana, wanapumuliana. Kila kuku ni nafasi ya kirusi kubadilika. Halafu umekivusha mpaka kwa nguruwe. Nguruwe anapata mafua ya ndege na anapata mafua yetu sie watu. Yakikutana humo mwilini mwake yanaweza kuchanganyika, yakatoka yakiwa kitu kipya ambacho miili yetu haikijui. Korona uliiona. Nyingine inaweza kuanzia kwenye uzio kama huu wako."

Nilitaka kukasirika, na sikuweza. Albano alikuwa anapumua kwa shida kwenye mapaja yangu.

Mambo mengine mnayajua kama mmewahi kunisikia nikishukuru. Gari la wagonjwa lilikuja na watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima. Hospitali daktari aliniuliza kijana anafanya kazi gani, na kwa sababu Hamdiya alikuwa ameshapiga simu, hawakuhangaika na malaria kwanza. Walimpa dawa ya mafua jioni ile ile, kabla majibu hayajatoka. Majibu yalipotoka yalikuwa mafua ya ndege, kwa kuku na kwa Albano. Daktari alisema tungechelewa siku mbili tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Siku ya tisa Albano aliomba ugali. Nililia kwenye korido ya hospitali mpaka mfagiaji akaniletea kiti.

Jawad nilikuwa nimempigia mchana ule ule kumwambia hakuna kuku. Alinifokea, akakata simu, akanunua mbuzi na samaki, na Ahlam akaolewa. Watu mia tano walikula wakarudi kwao salama. Kuku wangu wote waliuawa na kuzikwa kwenye shimo refu kwa chokaa, na wale kumi na saba pamoja nao. Nguruwe wa Projestus walipimwa, wawili wakakutwa na ugonjwa, wote wakauawa. Projestus hakunisemesha mpaka Machi. Majirani wote tulipimwa, na Mungu ni mwema, aliyeumwa alikuwa Albano peke yake. Ugonjwa haukutoka nje ya mtaa wetu. Sijui kama mnaelewa ninavyoshukuru ninaposema sentensi hiyo. Nikiamka usiku naisema tena kimoyomoyo, haukutoka nje ya mtaa wetu.

Miezi ikapita, nikaruhusiwa kufuga tena. Safari hii niliweka kuku mia nane kwenye banda la elfu mbili, nikapandisha mapazia wakapata upepo, nikachimba shimo la mizoga, na Hamdiya anakuja kila mwezi. Jawad alianza tena kununua kwangu, kidogo kidogo. Mchinjaji alinitumia mwingine, kijana wa Boko. Sikuuliza kwa nini. Ningeuliza ningejibiwa.

Mwezi wa saba nikaamua kufanya misa ya shukrani nyumbani, pamoja na chakula cha mtaa mzima, Wakristo kwa Waislamu. Nilinunua mbuzi wawili. Na kwa kuwa nilitaka kila mtu ale, nikaenda kumwomba Mzee Twalib aje achinje. Niliona hiyo ndiyo heshima kubwa ninayoweza kumpa. Nilichukua kilo tano za mchele, sukari, na doti ya khanga kwa mkewe, Bi Mwanakombo, nikatembea mpaka kwao nikiwa nimeyapanga maneno.

Bi Mwanakombo alikuwa uani anachambua mchicha. Akaitikia salamu yangu, akatazama mzigo, na hakuupokea.

"Umekuja kumuita akachinje?"

"Ndiyo, dada. Nafanya shukrani."

"Haitwi siku hizi. Toka Desemba kisu chake kimelala. Alianza Jawad kuacha kumwita, wengine wakafuata. Wanasema kachinja kuku kumi na saba wanaokufa, wa walima wa mtoto wa mtu, halafu alipoona afisa anakuja ndiyo akajidai kukataa." Akaendelea kuchambua. "Mie naishi naye miaka arobaini. Kuku anayelala hapa uani hataki hata nimpikie paka. Lakini imeandikwa kwenye faili la kata, na kilichoandikwa watu wanakiamini."

Mzee Twalib akatoka ndani, akasema karibu, akaniletea kigoda mwenyewe. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akaniuliza hali ya Albano. Nikasema hajambo, amenenepa. Akasema alhamdulillahi, na uso wake ukafurahi kweli, na furaha ile ilinichoma kuliko maneno ya mkewe.

"Mzee," nikasema, "wale kuku nilichinja mimi."

"Najua."

"Nikamwambia Hamdiya ni wewe."

"Najua, mama. Alinipigia siku ile ile, akaniuliza kama ni kweli nimechinja kumi na saba."

"Ukamjibu nini?"

Alivuta mkeka, akakaa. Alikuwa amekonda kuliko zamani.

"Nilimuuliza wewe umemwambia nini kingine. Akaniambia umesema yote, waliokufa, dawa, na habari ya nguruwe. Nikawaza, nikisema huyu mama kaongopa hapa, yule binti ataanza kujiuliza kaongopa wapi pengine. Atapoteza siku nzima kuhakikisha. Na nguruwe wanakula, na Albano yuko njiani kwenda hospitali. Nikamwambia andika alivyosema mwenye banda."

"Ukakubali jina lako lichafuke."

"Nilijua ni la siku mbili tatu. Mie mwenyewe nilikuwa nimefungiwa chumba cha nyuma siku kumi, maana niliwashika wale kuku kumi. Mwanakombo ananisukumia chakula mlangoni. Sikuwa na shughuli na jina."

"Na baadaye? Miezi saba, mzee. Kwa nini hukusema?"

Hakunitazama. Alikuwa anakunjua na kukunja pindo la mkeka.

"Baadaye nilikuwa nakungoja wewe."

Miezi saba nilisimama mbele za watu nikamshukuru Mungu, nikamshukuru daktari, nikamshukuru Hamdiya, nikawashukuru mpaka wale wachinjaji watatu walionikatalia. Twalib nilimtaja kama mzee mmoja aliyekuwa na wasiwasi. Mtu ambaye kama angechinja nisingekuwa na la kushukuru, nilimfungia kuku kumi na saba shingoni, nikaenda zangu kuimba.

Niliacha mzigo wangu uani bila kuuliza kama unapokelewa. Nilianzia ofisi ya kata kwa Hamdiya, nikamwomba afungue faili, nikaandika maelezo mapya kwa mkono wangu na kuweka sahihi. Hakunilaumu, alinipa tu kalamu. Kutoka pale nikaenda Boko. Ni mbali, nikafika adhuhuri imekaribia, duka la Jawad limejaa watu wanaonunua nyama ya mchana.

"Shikamoo Mama Noela," Jawad akasema kutoka kwenye mizani. "Leo umekuja mwenyewe? Karibu ndani tuongee."

"Marahaba, mwanangu. Sitaki ndani, nataka hapa hapa."

Akaweka kisu. Watu wakageuka, maana sauti yangu haikuwahi kuwa ndogo. Nikasema Mzee Twalib wa Chanika hakuchinja kuku hata mmoja siku ile. Nikasema aliwaona wagonjwa, akakataa, akaenda kutoa taarifa kwa miguu yake. Nikasema wale kumi na saba niliwachinja mimi Eufrazia, kwa kisu cha jikoni, nikijua wanaumwa, na nilikusudia wafike kwenye walima wa Ahlam kwa jina la mzee. Nikasema niliongopa mbele ya afisa, na mzee akaubeba uongo wangu ili mtoto wangu apone. Niliyasema yote kwa mfululizo, nikijua nikipumzika sitaendelea.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri maini aliniangalia juu mpaka chini, akatikisa kichwa. Jawad alikuwa amekuwa mwekundu.

"Mama Noela," akasema mwishoni, polepole, "mie kuku wako sinunui tena. Hata uwalee vipi."

"Ni haki yako."

"Mwanangu alikuwa ale kile chakula. Na wajukuu wa dada yangu."

"Najua. Asante kwa kunisikiliza."

Nilimaanisha. Sijui watu wangapi wameshawahi kupoteza mteja wao mkubwa na wakashukuru, lakini nilishukuru kwa moyo wote. Nikageuka niondoke, na nyuma yangu nikamsikia anawaambia wateja wamsubiri, anafuta mikono, anabonyeza simu. Nikasimama mlangoni, juani, nikasikiliza.

"Mzee Twalib, shikamoo. Jawad hapa." Akawapa wateja mgongo. "Mzee wangu, naomba kwanza unisamehe, halafu nikuombe kazi."